Kitenge Chenye Pengo

Nilipohamia Kamwokya, mtaa mmoja wa Kampala, sikuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiswahili, na jambo hilo lilinishangaza kuliko mengine yote. Nilitoka Kenya, upande wa Kakamega, nikidhani kuvuka mpaka wa Busia ni kama kuvuka barabara. Kumbe lugha nayo ina makwao. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia mama muuza maziwa, "Habari ya asubuhi, mama," naye akaushika mtungi wake kwa mikono miwili kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa kwa nguvu. Hakunijibu vibaya. Alinijibu kwa Kiganda, akanipimia maziwa, akaongeza na fadhila kidogo. Baadaye mwenye nyumba wangu alinieleza kwamba kwa watu wa rika lile Kiswahili kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani, ya askari anayekuambia shuka, lala chini, toa ulicho nacho. Vita vilikuwa vimekwisha zamani, tangu themanini na sita, lakini masikio hayasahau upesi. Kuanzia siku ile nilijifunza kuamkia kwa Kiganda, "Wasuze otya, nnyabo," kabla ya neno lingine lolote.

Kazi yangu ilikuwa kuuza vitenge katika duka moja la mjini, ndani ya jengo refu lenye maduka madogo madogo karibu na soko la Kikuubo. Mwenye duka alikuwa mama wa Kiganda, mpana, mcheshi, ambaye alivua viatu kila alipoketi. Alinichukua kwa sababu moja tu. Wateja wake wakubwa walikuwa Wakongo, waliokuja kununua marobota na kuyapeleka kwao, na Wakongo wale walitaka mtu wa kupatana naye bei kwa Kiswahili. Hivyo lugha niliyoificha Kamwokya ndiyo iliyonilisha mjini.

Vitenge vyetu vilitoka China. Siku hizo nilisikia watu wakivibeza, wakisema vinachuja, wakikumbuka vile vya zamani ambavyo bibi alimwachia mjukuu. Sikubishana nao. Lakini niliwaona pia wanawake waliokuwa na kitenge kimoja cha sikukuu tangu waolewe, wakiingia dukani na kutoka na viwili, na mmoja wao akisimama mlangoni kwanza, akivigeuza juani, kama haamini kwamba vyote ni vyake. Kitambaa kilichochapishwa mbali kiasi kile, kikavuka bahari, kikapanda kutoka Mombasa kwa lori, kilifika kwetu na kubadilisha Jumapili ya mtu. Niliona hilo mwenyewe, na halikunichosha kulitazama.

Chumba changu kilitenganishwa na cha jirani kwa ukuta wa tofali moja. Upande wa pili palikuwa na cherehani. Niliisikia kila jioni nilipofika, nikamjua mwenyewe kwa mwendo wa miguu yake kabla sijamjua kwa sura. Alipokuwa na kazi aliyoipenda cherehani ilikwenda polepole, na alipokuwa akirekebisha suruali za watu ilikwenda mbio.

Jumapili moja mvua ilinikuta kanisani na nguo zangu zote ziko kwenye kamba. Nilirudi nikikimbia, nikakuta kamba tupu. Kabla sijalalamika mlango wa jirani ukafunguka. Alikuwa mwanamke mrefu aliyenizidi umri kidogo, sindano mbili zimechomekwa kifuani mwa blauzi, na nguo zangu zimekunjwa vizuri mkononi.

"Mudogo," alisema, "nguo zako nilizitosha ku kamba. Mvua ilikuwa inakuya."

Kwetu kutosha ni kuenea, siyo kutoa, na mvua huja, haikuyi. Lakini nilisimama pale nikiwa nimelowa, na Biblia kwapani, nikacheka kwa furaha, kwa sababu kile kilikuwa Kiswahili. Chake cha Kongo, changu cha Kenya, lakini Kiswahili.

"Asante, dada," nilimwambia.

"Ingia basi. Chai iko."

Ndivyo tulivyoanza. Alitoka karibu na Bukavu, kwenye nyumba iliyo juu ya ziwa. Mume wake alipotea katika vita vya huko. Alisema hivyo mara moja, nami sikumuuliza tena. Mama yake alikataa kuondoka. Watu wote wa mtaa walipokimbia, bibi yule aliketi mlangoni akasema hana mahali pengine anapopajua. Binti akaja Kampala peke yake, na cherehani aliipata hapa hapa.

Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuenea, na huko Bukavu jirani mmoja wa mama yake alikuwa nayo. Mara moja moja rafiki yangu alipiga. Nilikuwa nikisikia kupitia ukutani: sauti yake ikisema "Mama," kisha kimya, kisha kilio kidogo, kisha salio linakwisha. Walipendana mno hata hawakuweza kuzungumza. Kila mmoja alisikia pumzi ya mwenziwe akaanza kulia.

Alikuwa na tabia ya kuchora. Karatasi za kaki alizokatia ruwaza za nguo hakuzitupa. Aligeuza upande wa pili na kuchora kwa chaki ya fundi. Jioni moja niliingia nikamkuta ameinama juu ya karatasi kubwa iliyofunika meza nzima. Ilikuwa imejaa mmea unaotambaa, majani, vikono vyembamba vilivyojikunja kushika kitu, na maua ambayo katikati yalikuwa na nyuzinyuzi kama kope za jicho.

"Hii ni nini?" niliuliza.

"Marakuja."

"Aa, karakara. Hapa wanaita butunda."

"Ita unavyotaka. Njo ya mama yangu. Imepanda ku lupango yote."

Lupango kwao ni ua wa nyumba, uzio, na njo ni ndiyo. Mama yake alikuwa na ua wa miti iliyopandwa karibu karibu, na juu yake marakuja yakatambaa mpaka miti haikuonekana. Nilifuata mchoro kwa kidole. Mahali pamoja mmea ulikatika. Palikuwa peupe, upana wa mkono, kisha majani yakaanza tena upande wa pili.

"Na hapa mbona hujamaliza?"

"Nilimaliza." Aliweka chaki chini. "Apa njo bajirani banapitishaka moto. Asubuhi kama moto yako imezimika, unaita, jirani analeta kaa ku kigae, anakupitishia. Na chumvi pia. Na mtoto, kama mama yake anaenda soko. Mama hakubalake marakuja ifunge ile nafasi. Kila mara anaikata."

Nilimwomba ile karatasi. Sikuwa na mpango wowote mkubwa. Niliona tu kwamba ilikuwa nzuri kuliko michoro mingi tuliyokuwa tukiuza, na kwamba mwenye duka wangu alikuwa akilalamika kila siku kuwa duka la pili lina michoro ileile yetu.

Niliitandaza juu ya meza ya duka kesho yake. Mwenye duka aliitazama huku akijikanda nyayo.

"Maua iko sawa," alisema. "Lakini wewe, nani atavaa seng'enge?"

"Siyo seng'enge, maama. Ni ua wa nyumba."

"Seng'enge ya maua." Akacheka mpaka bega likatikisika. "Weka hapo. Mchina akija, atacheka na yeye."

Mchina aliyemtaja alikuwa wakala wa kiwanda, mwanamke mdogo kuliko mimi, aliyekuja dukani na mkoba wa sampuli. Alikaa Naguru pamoja na wenzake wa kampuni. Jambo la ajabu juu yake ni kwamba alijua Kiswahili kuliko sisi sote. Kabla ya Kampala kampuni ilimweka Dar es Salaam, na huko alijifunza kwa bidii ya mwanafunzi asiye na rafiki. Alipoletwa Kampala akafurahi, akidhani atakitumia, akakuta watu wanamwangalia kwa mshangao na kumjibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo kila alipopita dukani alinitafuta mimi kwanza.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mwenye duka siku ile, na mwenye duka, kama kawaida yake, akajibu "Eee," kwa sababu hakuwahi kuambiwa jibu lake ni lipi.

Kisha akauona mchoro. Hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani amechora huu uzio?"

"Jirani yangu. Mkongo, fundi wa nguo."

"Mama yangu ana uzio kama huu," alisema. "Siyo mmea huu. Yeye hupanda madodoki. Yanapanda hivihivi, yana mikono midogo hivihivi. Mwanangu anapenda kuivuta." Akagusa kimoja cha vile vikono vya chaki, taratibu, chaki isije ikafutika. Sikuwa najua hata kwamba ana mtoto. Alikuwa na binti mdogo, aliyeachwa kwa bibi yake tangu hajaanza kutembea, ili mama afanye kazi Afrika.

Ni yeye aliyemshawishi mwenye duka. Alimwambia kwamba oda ijayo ikiwa kubwa kama ya kawaida, anaweza kukiomba kiwanda kitoe marobota machache ya mchoro huu, na kwamba hakuna duka lingine Kampala litakalokuwa nao. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoingia. Mwenye duka akavaa viatu, ishara kwamba anawaza sawasawa.

"Basi mlete huyo fundi," alisema. "Nisinunue seng'enge bila kumwona mwenye seng'enge."

Rafiki yangu alikuja amevaa nguo yake bora, akakaa kwenye ncha ya benchi kama mtu aliyeitwa hospitali. Walielewana haraka kuliko nilivyotegemea. Mwenye duka alimlipa mchoro wake vizuri, bila kuvutana, na wakala akaondoka na karatasi iliyokunjwa ndani ya nailoni.

Sampuli ilikuja baada ya majuma kadhaa, kipande cha urefu wa taulo. Wakala alituita sote. Alikitandaza mezani akiwa na furaha, nami nikapiga kelele, kwa maana kilikuwa kizuri kweli: rangi ya kijani iliyokolea, maua meupe, kope za zambarau, na vikono vya manjano vikishikana huku na huku. Nilimgeukia rafiki yangu nicheke naye.

Hakuwa akicheka. Mikono yake ilikuwa mapajani.

"Wameifunga," alisema.

Nikatazama. Pale palipokuwa na pengo, mchoraji wa kiwanda alikuwa amejaza majani na ua moja, safi kabisa, huwezi kujua kwamba pamewahi kuwa na nafasi.

"Lakini ni nzuri, dada," nilimwambia.

"Iko muzuri. Lakini haiko yetu tena. Iko lupango ya mtu hataki bajirani."

Mwenye duka alisema haina maana, nani ataona nafasi ndogo kama ile. Alisema tusiwasumbue watu wa kiwanda. Rafiki yangu hakubishana. Angekubali, najua, alikuwa amezoea vitu vyake kuchukuliwa na kurudishwa vikiwa vingine. Ni wakala aliyesimama. Alitoa simu, akatoka hadi kwenye veranda ya ghorofa, na kupitia mlangoni tuliona mgongo wake na tukasikia Kichina kikipanda na kushuka. Baadaye alirudi ameshika simu kifuani.

"Ni mzee anayechora," alituambia. "Anasema wateja wataona pengo ni kosa la mashine, watarudisha kitambaa. Anauliza, ni la nini?"

Rafiki yangu akasema, mimi nikakinyoosha Kiswahili chake kidogo, wakala akakipeleka kwa Kichina. Alisema habari ya kaa la moto juu ya kigae. Alisema habari ya chumvi, na ya mtoto anayepitishwa huku akipiga mateke, na ya mama yake mwenye panga dogo akikata mmea kila unapotaka kuziba. Maneno yalitoka kinywani mwake yakipita kwangu na kwa yule dada wa Kichina, mpaka kwenye sikio la mzee tusiyemjua. Sote tulimtazama wakala usoni tukisubiri.

Kisha nikaona uso wake ukilegea.

"Anasema kwao pia, alipokuwa mdogo, walifuata moto kwa jirani." Akasikiliza tena. "Anasema mama yake alimtuma na koleo, na mara moja aliungua kidole kwa sababu alikuwa anachezacheza njiani. Bado ana kovu." Akasikiliza mara ya tatu, akacheka. "Anasema ataliacha wazi. Lakini kitambaa kikirudishwa, atakuja Afrika kutupiga."

Mwenye duka akauliza, "Amesema nini? Amesema nini?" Nilipomweleza akapangusa jicho kwa ncha ya leso na kusema hawa Wachina kumbe ni watu wa kawaida.

Kontena lilichelewa, kama makontena yote. Lilipofika, nilimtumia rafiki yangu ujumbe, akaja mbio, kipimo cha fundi kikiwa bado shingoni. Mpagazi akakata kamba za robota, harufu ya wanga na rangi mpya ikatoka. Tulivuta kitambaa kikaanguka juu ya meza, kikashuka hadi sakafuni.

Akatafuta pengo kwa kidole. Lilikuwepo. Kisha akalikuta lingine, na lingine, kwa sababu mchoro hujirudia mpaka mwisho wa kitambaa. Hakuwa amelifikiria hilo.

"Angalia, mudogo," aliniambia kwa sauti ndogo. "Angalia majirani vile wako wengi."

Kampala hawakukipenda sana. Wanawake wa hapa walikishika, wakakisifu, wakanunua kingine. Mwenye duka alianza kunitazama kwa jicho la pembeni. Ndipo akaja mteja wetu mkubwa wa Bukavu, mwanamke aliyezungumza kwa sauti ya sokoni hata alipokuwa akinong'ona. Alikitazama kile kitambaa, akaagiza marobota yote. Nilimwomba jambo moja: amfikishie mama wa rafiki yangu kipande kimoja, zawadi kutoka kwa binti yake. Nilimwelekeza nyumba kama nilivyoelekezwa. Akakitia kwenye mkoba wake wa mkononi, siyo kwenye mzigo, na kwa hilo nampenda hadi leo.

Mwezi uliofuata alirudi. Kabla hajaketi akasema, "Ile kikwembe ya Jirani Unipe Moto, iko ingine?"

"Kitenge kipi hicho, mama?"

"Ile ya marakuja!"

"Nani amekiita hivyo?"

Alinitazama kwa huruma. "Bamama ba soko. Kikwembe bila jina, nani atanunua?"

Nikamuuliza kama kuna mtu aliyewaambia habari ya lile pengo. Akashangaa. Kuambiwa nini? Si lipo pale, kila mtu analiona, kila mtu ana ua kama ule au alikuwa nao kabla ya vita. Wengine, aliongeza akiinamia sikio langu huku sauti yake ikisikika duka la tatu, walikuwa wakisema jirani anayeitwa ni mwanamume, na moto unaoombwa siyo wa jikoni, na wake wenye hasira na waume zao walikuwa wakikinunua makusudi ili wakivae nyumbani.

Jioni ile nilimsimulia rafiki yangu yote, hata hilo la mwisho. Aliketi kitandani akacheka mpaka akalala chali. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka hivyo, na jirani wa upande wa pili akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Siku mbili baadaye simu yake ililia. Ilikuwa namba ya Bukavu. Kwa mara ya kwanza mama yake ndiye aliyepiga. Nilitaka kutoka nimwache, akanishika mkono nikae. Bibi alikuwa akizungumza kwa sauti ya mtu asiyeamini kwamba simu inatosha kumfikisha, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Nani aliambia Bachina habari ya lupango yangu?"

"Ni mimi, mama."

"Uliwaambia vibaya. Jani ya marakuja iko na vidole tatu. Apa kuko moja iko na ine."

"Wapi, mama?"

"Apa! Chini ya ua kubwa. Hesabu."

Rafiki yangu akavuta kipande chake kutoka juu ya cherehani, akatafuta, akakuta jani lenye vidole vinne.

"Njo Bachina, mama. Mi nilichora tatu."

"Ulichora ine. Nakujua. Ulikuwa unaharakisha kila kitu tangu utoto."

Wakabishana juu ya jani lile mpaka salio la bibi likakwisha, na binti akapiga yeye, wakaendelea. Wakatoka kwenye jani wakaenda kwenye ua wenyewe, kwamba upande wa kusini miti miwili ilikuwa imekufa, na nani aje kupanda mingine; wakaenda kwa jirani, ambaye alikuwa amejenga jiko la mkaa na haji tena kuomba moto, ila anakuja tu kuzungumza pale pale penye nafasi. Hakuna aliyelia. Nilitambua kwamba kwa miaka yote ile hawakuwa na la kusema isipokuwa msiba, na sasa kulikuwa na kitu kingine, kitu cha kuvutana nacho, kila mmoja ameshika upande wake.

Oda ya pili ilikuwa kubwa, na ya tatu vilevile. Rafiki yangu alichora mingine, miwili ikachapishwa, mmoja haukununuliwa na mtu hata mmoja. Kisha siku moja wakala akaingia dukani amebeba kitenge mikononi, uso umemwiva. Kilikuwa chetu na hakikuwa chetu. Kiwanda kingine kilikuwa kimenakili: kitambaa chepesi, zambarau imekuwa ya waridi, na pengo limezibwa.

"Samahani," alimwambia rafiki yangu. "Siyo sisi. Lakini ni watu wa kwetu, naona aibu."

Rafiki yangu alikitandaza, akakipima kwa vidole kama anavyopima kitambaa chochote. Nilidhani atakasirika. Akakikunja, akamrudishia.

"Acha, dada. Abo habakuwa na jirani, hawakujua." Halafu akamwuliza kama amekula.

Nakala zilizagaa Kampala kuliko kile cha kwanza. Nimeviona vitenge hivyo Ntinda vikitundikwa nje ya maduka, vikishonwa mapazia, vikifunikia viti vya harusi. Mwenye duka wangu aliumia kwa muda, kisha akaanza kuuza nakala na yeye, akisema biashara haina kisirani. Sikumlaumu. Wanawake waliokivaa walipendeza.

Mwaka ule ule kampuni ilimwita wakala arudi nyumbani. Binti yake alikuwa anaanza shule. Tulimwalika Kamwokya, chumbani kwa rafiki yangu, mchana wa Jumamosi. Kulikuwa na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mafuta ya mawese, na ugali, na samaki, na wakala alikula kwa mkono bila kufundishwa. Rafiki yangu alikuwa amemshonea gauni la kitenge kile cha kwanza. Alimsimamisha katikati ya chumba, akamzunguka, pini mdomoni, akipunguza hapa na pale.

"Nimekuwa nikimwona kwenye picha tu," wakala alisema ghafla, akitazama ukutani. "Anamwita bibi yake mama. Nikifika hatanijua."

Rafiki yangu akatoa pini mdomoni. "Atakujua. Siku ya kwanza hapana, ya pili hapana. Usimulazimishe. Kaa karibu, fanya kazi yako, kata mboga. Atakuya mwenyewe akuguse."

"Na asipokuja?"

"Mi niko mbali na mama yangu miaka mingi, na bado ananigombeza juu ya jani. Haiishake, dada. Inua mkono."

Wakala akainua mkono ili kwapa lipimwe, akalia akiwa amesimama hivyo, na rafiki yangu akaendelea kupiga pini polepole, bila kumharakisha. Mimi nikaenda kuchemsha chai.

Aliondoka akiwa amelivaa gauni lile. Alitutumia ujumbe baadaye kwamba mtoto alikaa siku nyingi nyuma ya mlango, kisha asubuhi moja akaja kuuliza maua yale ya kwenye nguo yanaliwa au hayaliwi.

Bukavu ilikuwa imetulia kidogo wakati huo. Tulikuwa tukiuliza kila mteja habari za huko, na kila mteja alitoa jibu lake, lakini yule mama wa sauti kubwa alisema njia ya kupitia Rwanda iko wazi na yeye mwenyewe ataandamana na anayetaka. Rafiki yangu alifikiri kwa majuma mazima. Cherehani ilikwenda mbio, kisha polepole, kisha ikanyamaza. Siku aliyoniambia anakwenda, alikuwa tayari ameifunika kwa kitambaa.

Nilimsindikiza stendi ya mabasi asubuhi. Alikuwa na begi moja, na mfuko wa vitu vya mama yake: sukari, sabuni, sweta, na miwani tuliyomnunulia kwa kukisia.

"Utarudi?" nilimuuliza. Nilikuwa nimejizuia tangu nyumbani.

"Cherehani yangu iko kwako. Nitaacha cherehani?" Akanitazama, akaona kwamba sitanii. "Mudogo, sijui. Nikifika nitajua. Sitakudanganya."

"Na nikisikia kimya upande wa pili nifanyeje?"

"Piga ukuta. Mtu mwingine atakuya kukaa mule, atajibu."

Tukakumbatiana, mama wa sauti kubwa akatupigia kelele kwamba basi halimngoji mtu, na likaondoka. Nilikwenda dukani moja kwa moja. Mwenye duka alinitazama usoni, akavuta benchi, akaniambia nikae leo yeye atauza, na akauza, akipunguza bei kwa Kiswahili cha kubahatisha ambacho Wakongo walikifurahia sana.

Simu ilikuja kesho yake jioni, nikiwa napanga vitenge kwenye rafu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayepiga kutoka chumba cha pili.

"Nimefika."

"Mama yako je?"

"Iko apa. Ananenepa kidogo. Miwani inamukataa, anasema inaleta watu karibu sana." Nyuma yake nilisikia bibi akiita, na kitu cha bati kikigonga mawe. "Anauliza niko naongea na nani."

"Mwambie ni mdogo wako."

Akamwambia. Bibi akasema neno refu, na rafiki yangu akacheka.

"Anasema nini?"

"Anasema anakusalimia, lakini niweke simu chini. Kuko mihogo ya kumenya, na mi niko nimekaa tu kama mugeni."